Sura ya Sita: Golini Asimame Nani

Mwaka 2019 mashabiki wa Bandari ya Mombasa walipewa karibu kila walichokuwa wakikiomba, kisha wakaondokewa na kipa.

Januari ya mwaka huo timu yao ilikwenda Dar es Salaam kwa Kombe la SportPesa, ikamtoa Simba 2-1 katika nusu fainali, mbele ya watu wake mwenyewe. Fainali ilikwenda kwa Kariobangi Sharks, 1-0, lakini waliorudi Mombasa hawakurudi wameinamisha vichwa. Katikati ya mwaka wakakutana tena na Sharks hao hao, mara hii kwenye fainali ya kombe la Ngao la Kenya kule Kasarani, Nairobi, wakawafunga 3-1. Ligi wakaimaliza wa pili nyuma ya Gor Mahia, msimu wa pili mfululizo. Ngao ikawapa tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mbaraki, kwenye uwanja wao, kuliimbwa hadi sauti zikakauka.

Farouk Shikalo, aliyekuwa akilinda lango la Bandari, alikwenda Misri na Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Dirisha la usajili lilipofunguka akasaini Yanga ya Dar es Salaam. Bandari ikabaki na safari ya Afrika mkononi, na mtu ambaye mashabiki walimhesabu kuwa ndiye wa kuwavusha yuko Jangwani, amevaa kijani na manjano.

Mji wa Kale wa Mombasa habari za namna hii huzisikia barazani kwanza, magazeti hufuata. Baada ya isha, kwenye vichochoro vinavyoshuka kutoka Barabara ya Mbarak Hinawy kuelekea baharini, wazee hukaa upande mmoja wa baraza na vijana upande wa pili, na muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe. Mtu hunywa kikombe cha kwanza kimya. Cha pili ndicho kinachofungua mdomo.

"Ami, mpira wa siku hizi ni kazi," kijana mmoja alimwambia mzee wa baraza lile, simu mkononi, picha ya kipa na jezi yake mpya ikiwaka. "Mtu akiitwa penye maslahi yuwaenda zake. Hata wewe ungalikwenda."

"Naaende, mwanangu. Mimi simzuii," mzee akajibu. "Nauliza golini asimame nani."

Nimezisikia hoja nyingi juu ya uhamisho wa wachezaji, za makocha, za mawakala, za waandishi wenzangu. Hakuna iliyonikaa kama swali la mzee yule. Shabiki wa Mombasa hawezi kumkataza mtu kuondoka, na kusema kweli wengi hawataki. Huu ni mji wa bandari. Kila nyumba ina mtu aliyeondoka: Mascati, Dubai, London, Nairobi. Kuagana tumekuzwa nako. Kinachomuuma shabiki ni kuachwa na pengo ambalo hakuna aliyelifikiria mapema, halafu kuambiwa avumilie.

Na swali lenyewe ni la zamani. Mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa, mwaka wa tatu tu tangu ligi hiyo ianzishwe. Nakuru All-Stars walikuwa wameuchukua 1963, Luo Union 1964, kisha ikaja zamu ya kisiwa. Tangu hapo, hadi msimu wa 2024/25, hakuna klabu ya Pwani iliyoutwaa tena. Miaka sitini! Ukiwauliza wazee sababu, watakutajia viongozi wabaya, waamuzi wabaya, viwanja vibovu, na yote yana ukweli wake. Lakini ukikaa nao zaidi watakuhesabia majina ya watu waliopanda treni kwenda bara na wasirudi.

Wakati ule hapakuwa na ada ya uhamisho ya kuzungumziwa. Kilichomhamisha mchezaji ni ajira. Kampuni na mashirika yalikuwa na timu, na kijana mwenye mguu mzuri aliahidiwa dawati, sare, mshahara wa mwisho wa mwezi na chumba cha kuishi. Kenya Breweries ilichukua ubingwa 1972, ikarudia 1977 na 1978, na nyuma ya ubingwa wa aina hiyo kulikuwa na kiwanda kinacholipa watu. Mama aliyekuwa akimwona mwanawe akirudi kila jioni na magoti yaliyochubuka angemkatalia vipi kazi Nairobi? Timu ya mtaa haikuwa na lolote la kumshikia ila mapenzi, na mapenzi hayalipi kodi ya nyumba.

Hapo ndipo Mombasa ilipozoea kuwashangilia wanawe wakiwa mbali. Mfano unaotajwa kila baraza ni Mahmoud Abbas, kipa aliyetoka hapa akawa wa AFC Leopards na wa taifa, hadi Wakenya wakampa jina la "Kenya One". Kenya ilibeba Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981 Tanzania, 1982 Uganda, 1983 nyumbani. Fainali ya Kampala iliamuliwa kwa penalti, na wapinzani walikuwa wenyeji, Uganda wenyewe. Watu wa Mombasa waliozisikiliza fainali zile redioni huzisimulia kama waliokuwa wamesimama nyuma ya wavu. Kwao klabu iliyokuwa imeandikwa kifuani haikuwa na uzito. Aliyesimama golini alikuwa mwana wa kwao.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya mashabiki wa hapa kukabiliana na uhamisho, na bado inafanya kazi: hawamtoi mtu hesabuni kwa sababu amehama. Alipokwenda Yanga kipa wa Bandari, baraza zilizokuwa zikifuata Ligi Kuu ya Tanzania zilipata sababu mpya ya kuifuata. Mombasa ina watu wa Yanga na watu wa Simba tangu zamani, kwa undugu na kwa biashara ya pwani moja, na nyumba nyingi zimegawanyika katikati. Msimu ule mtu wa Simba ambaye pia ni mtu wa Bandari alipata taabu ya kweli. Alitaka kipa adake na alitaka timu yake ifunge, na hayo mawili hayawezi kuja pamoja jioni moja.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kumpokea mgeni. Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi ya mashabiki hawapendi kulisikia. Malalamiko ya kwamba wachezaji "wetu" wanachukuliwa husahau kwamba Bandari nayo huchukua. Shikalo mwenyewe alifika Mbaraki akitokea vilabu vya bara. Huko alikotoka pia palikuwa na mtu kwenye kibanda cha chai aliyeuliza golini asimame nani. Klabu yenye Mamlaka ya Bandari nyuma yake, shirika lililoundwa 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, haiwezi kujiita maskini mbele ya timu ya mji mdogo isiyo na mdhamini. Kwa mchezaji wa Ligi Kuu ya Kenya, mshahara unaofika kwa wakati ni sababu tosha ya kushuka Pwani.

Kikosi kile cha 2019 kilikuwa na Felly Mulumba kutoka Kongo, beki na nahodha. Kilikuwa na Mkongo mwenzake Yema Mwana, na Mganda William Wadri. Ubishi wa wenyeji na wageni haukwisha: kwa nini tusajili Kampala na Lubumbashi na huku Majengo, Likoni na Kisauni kuna vijana wanakesha wakicheza? Hoja hiyo ina nguvu, nitairudia. Lakini Mulumba alikaa. Msimu ulikwisha akakaa, kocha akabadilishwa akakaa. Alipokuwa akitoka uwanjani Mbaraki, watoto walimwita jina na yeye aliwajibu kwa Kiswahili, na baada ya muda hakuna aliyekuwa akimhesabu na wageni. Mji huu umewafanya wenyeji watu waliokuja na upepo wa kaskazi, sembuse beki. Shabiki humwamini mchezaji kwa misimu aliyomwona, na ndiyo maana kikosi kinachobomolewa kila mwaka humvunja moyo zaidi ya kikosi kinachofungwa. Timu ikifungwa anajua nani amefungwa. Timu ikibomolewa, Jumamosi ya kwanza ya msimu anakaa jukwaani akimwuliza jirani: yule namba sita ni nani?

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani, ambako mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu hujaza viwanja vya watu laki moja, mashabiki wanapitia msiba unaofanana. Zamani mwanafunzi aliyetaka kuhama chuo alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Oktoba 2018 likaanzishwa daftari la kielektroniki ambamo mchezaji huandika jina lake na vyuo vingine vikaruhusiwa kumfuata. 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na mwaka huo huo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. 2024 kizuizi cha mara moja nacho kikaondoka. Sasa kocha wa chuo hujenga nusu ya timu upya kila mwaka, na shabiki aliyezoea kumwona kijana akikua kwa miaka minne hujikuta akijifunza majina mapya kila Agosti. Shabiki huyo wa nchi tajiri analia kilio cha shabiki wa Mbaraki. Ila yeye ana kitu ambacho sisi hatuna: kila mchezaji ameandikwa mahali, na kila hatua yake inajulikana.

Ulaya mlango ulifunguliwa mapema zaidi. Desemba 1995 mahakama iliamua kesi ya Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyetaka kuhama kutoka Liège kwenda Dunkerque na klabu yake ikamzuia hali mkataba wake umekwisha. Uamuzi ukawa kwamba mkataba ukiisha, mtu ni huru. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa haki na naona wachezaji wetu wanastahili haki hiyo kikamilifu. Maisha ya mpira ni mafupi, goti moja linatosha kuyamaliza, na hakuna shabiki atakayemlea mchezaji akishastaafu. Anayemtukana kijana kwa kwenda Dar, Lusaka au Uarabuni ajiulize kama angemlipia karo ya watoto wake.

Basi lawama iende wapi? Naiweka penye maandalizi, na hasa penye makaratasi.

Turudi kwenye ule msimu wa 2019/20. Golini alisimama mwengine. Bandari ikaitoa Al Ahly Shendi ya Sudan, ikaitoa US Ben Guerdane ya Tunisia, ikasimamishwa na Horoya ya Guinea hatua moja tu kabla ya makundi. Kwa hivyo hofu ya barazani ilikuwa kubwa kuliko pengo lenyewe, na benchi la ufundi chini ya kocha Bernard Mwalala linastahili sifa kwa hilo. Lakini mechi za nyumbani hazikuchezwa nyumbani. Uwanja wa Manispaa ulikuwa umefungwa kwa ukarabati uliokuwa haumaliziki, Mbaraki haukufikia kiwango kilichotakiwa na shirikisho la Afrika, na mtu wa Mji wa Kale aliyetaka kuiona timu yake ikicheza na Waarabu wa Tunisia ilimbidi asafiri karibu kilomita 480 hadi Nairobi. Agosti 2019 kampuni ya SportPesa ikaondoa udhamini wake Kenya, na ligi nzima ikaanza kukohoa. Kabla msimu haujaisha Mwalala naye alikuwa ameondoka, Ken Odhiambo akashika benchi. Aprili 2020 korona ikaufunga msimu wenyewe. Kuondoka kwa kipa kulikuwa ndiyo habari iliyotangulia tu. Timu iliyokaribia kufika makundi ya Afrika haikupewa nafasi ya kukaa pamoja ikakomaa. Ningalikuwa na uwezo wa kumrudisha mmoja katika wote walioondoka kipindi kile, ningalimrudisha kocha.

Maana Mwalala alikuwa mfano hai wa mtu anayeondoka na kurudi na faida. Oktoba 2008, akiichezea Yanga, alifunga bao pekee lililomlaza Simba. Miaka kumi baadaye alikuwa Mbaraki akiwafundisha vijana jinsi ya kucheza mbele ya watu wengi bila kutetemeka, na timu yake ikaenda Dar na kumtoa Simba yule yule. Alichokichukua huko alikileta hapa. Mji unaopeleka wachezaji nje na kuwapa mlango wa kurudia huwa haujapoteza kitu, na hili vilabu vyetu vingelifanya kwa makusudi badala ya kungoja bahati.

Sasa niirudie ile hoja ya vijana wa mitaani. Nenda uwanja wowote wa kisiwa wakati wa kombe la Ramadhani, alasiri, funga ikiwa kali na jua halijalegea. Wanaocheza wana miaka kumi na tatu, kumi na nne. Jezi zimeazimwa, wengine namba zimechorwa kwa kalamu ya wino. Pembeni amekaa mwalimu wa timu, ambaye mchana ni fundi wa pikipiki au msaidizi dukani, naye anawajua wote: nani anakunja mguu vibaya, nani babake amempiga marufuku, nani hajala daku. Ukimwuliza orodha ya wachezaji wake ataitaja kwa kichwa, moja hadi kumi na nane, bila kukosea. Karatasi hana.

Kukosekana kwa karatasi hiyo ndiko kunakoumiza Mombasa kuliko dirisha lolote la usajili. Kanuni za FIFA zinasema hivi: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine mkataba ukiwa bado unaendelea, asilimia 5 ya ada hugawiwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una fungu dogo, na kuanzia 16 fungu huwa mara mbili. Kuna pia fidia ya malezi, inayolipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa, na anapohamia nchi nyengine kabla hajavuka umri huo wa 23. Tangu 2022 fedha hizi hupitia ofisi maalumu ya malipo mjini Paris, inayotazama historia ya usajili wa mchezaji na kumpa kila mmoja haki yake. Ofisi hiyo haiwezi kuona kilicho kichwani mwa fundi wa pikipiki. Timu isiyosajiliwa na shirikisho, au iliyosajiliwa lakini haikuwaandikisha watoto wake, kwa ofisi ile haipo. Miaka minne ya jasho la mtaa inafutika, na mzee wa baraza anabaki na fahari tupu ya kusema, "Yule nilimwona akicheza peku."

Mashabiki wana la kufanya hapa, na ndilo ningependa walifanye badala ya kutukanana kila Julai. Baraza linaloweza kuchanga jioni moja kwa ajili ya basi la Nairobi linaweza kuchanga ada ya usajili wa timu ya watoto. Kati ya vijana wanaokaa pale kila usiku na simu zao, hakosi mmoja anayeweza kujaza fomu, kupiga picha vyeti vya kuzaliwa na kuziweka rekodi mahali salama. Na viongozi wa Bandari waulizwe hadharani, kabla dirisha halijafunguka: nani mkataba wake unakwisha, nani anaandaliwa nyuma yake, na wangapi katika kikosi cha vijana wametoka upande huu wa Nyali na Likoni. Shabiki anayelipa kiingilio ana haki ya kujibiwa.

Nilimweleza mzee yule hesabu ya asilimia. Alitaka aione kwa fedha, si kwa kanuni, basi tukaifanya palepale kwa uhamisho wa kubuni wa shilingi milioni 10. Asilimia 5 yake ni laki tano. Timu ya mtaa iliyomlea kijana kutoka miaka 12 hadi 15, kama imemwandikisha miaka yote minne, hupata laki moja. Akaniuliza mpira mzuri wa kuchezea wauzwa bei gani siku hizi. Kijana wa simu ndiye aliyemjibu, na wakaanza kugawanya: mipira, jezi za rangi moja, nyavu, na glavu za kipa jozi mbili, kwa sababu yule wa akiba naye hucheza mikono mitupu.